Kigae Kikubwa Kikae Konani

Usiku wa tatu hospitalini nilikuwa nimeshahesabu kila kinachohesabika. Vipande vya dari juu ya kitanda cha mama: 48. Hatua kutoka kwenye kiti changu hadi dirishani: 7. Matone ya dripu niliyajaribu nikayaacha, maana kila tone lililokawia lilinikata maini. Mama alikuwa amepigwa na kiharusi, upande wote wa kulia hauna nguvu, maneno yanamtoka nusu nusu. Madaktari walikuwa wameshafanya yao. Yaliyobaki yalikuwa ya kusubiri, na anayesubiri hana pa kushika.

Saa zile za usiku nilizitumia vibaya. Nilikaa na simu nikisoma habari za kiharusi, ukurasa huu hadi ule, mpaka nikawa najua asilimia ya kila balaa na sijui lolote kuhusu mgonjwa aliyelala mbele yangu. Asubuhi mdogo wangu alipokuja kunipokea zamu, akaona kilichokuwa wazi kwenye skrini. Hakunigombeza. Alichukua simu, akabonyezabonyeza, akanirudishia.

"Dada, nimekuwekea gemu. Usiku ukiingia usisome tena hayo mambo. Sukuma tu hivyo vigae."

Sikuwa mtu wa gemu. Nilikuwa na maoni makali juu ya watu wazima wanaoinamia simu kupanga rangi na namba. Niliwaona wanamwaga muda ambao hawatauzoa tena. Usiku ule ule nikaanza kucheza. Miaka imepita, na swali lililonijia kwenye kile kiti bado ninalo: mtu huingiaje kwenye kitu hiki? Nani humtuma?

Gemu yenyewe ilikuwa 2048. Una ubao wa nafasi 16, nne kwa nne. Unatelezesha kidole upande mmoja, vigae vyote vinakimbilia huko. Vikikutana viwili vyenye namba moja vinaungana: 2 na 2 vinazaa 4, 4 na 4 vinazaa 8, na kuendelea hivyo. Kila ukisukuma, kigae kipya kinachipuka penye nafasi tupu, mara nyingi 2, mara chache 4. Ubao ukijaa na hakuna kinachoungana, umekwisha. Lengo ni kufika 2048, na ukipiga hesabu utaona kwamba kwa vigae vidogo hivyo safari ni ya misukumo zaidi ya 900.

Nilishindwa kama mara 20 za mwanzo. Nilikuwa nasukuma popote palipokuwa na kitu cha kuungana, kama mtu anayezima moto kwa kukimbia huku na huko. Kisha, sijui saa ngapi, nikagundua jambo: kigae kikubwa kikae konani. Ukikiweka chini kushoto, usikitoe. Sukuma chini, sukuma kushoto, ukilazimika sukuma kulia, lakini usisukume juu, kwa sababu ukisukuma juu kile kikubwa kinapanda na kigae kidogo kinaweza kuchipuka mahali pake. Hapo umeharibu, utahangaika muda mrefu kukirudisha. Nikaanza kupanga vigae kama ngazi kutoka ile kona: 256, kando yake 128, kando yake 64. Na pale 2 ndogo ilipokutana na mwenzake, ikawa 4, ikakutana na 4, ikawa 8, ngazi nzima ikajikunja kwa misukumo michache hadi ikawa kigae kimoja cha 512, nilivuta pumzi kwa mara ya kwanza tangu nilipopigiwa simu kuhusu mama.

Nilimtazama. Bado alikuwa amelala. Hakuna kilichobadilika kwake. Ila mimi nilikuwa nimekaa dakika 40 bila kusoma asilimia hata moja, na mkono wangu haukutetemeka nilipomfunika vizuri.

Kwa hiyo mtu akiniambia kwamba watu hucheza gemu za simu kwa sababu hawana kazi, namwelewa, nami nilisema hivyo, lakini hajafika kwenye kiti kile. Nilikuwa na kazi kubwa kuliko zote nilizowahi kuwa nazo. Tatizo la ile kazi ni kwamba haikuwa na mwanzo wala mwisho, haikuwa na kitu ambacho ningekifanya kikaonekana kimefanyika. Gemu ilinipa kazi ndogo yenye kanuni nne, inayonijibu papo hapo kila nikisukuma, na inayokwisha.

Baadaye nilikuja kusoma kwamba mwanasaikolojia Mihaly Csikszentmihalyi alianza tangu miaka ya 1970 kuwachunguza watu waliozama katika walichokifanya, wapanda milima, wacheza chesi, madaktari wa upasuaji, akakuta wanaelezea hali inayofanana. Lengo liko wazi. Matokeo ya kila tendo yanaonekana mara moja. Ugumu unalingana na uwezo, usiozidi mno ukamtisha mtu wala kupungua mno ukamchosha. Hali hiyo aliifananisha na mtiririko, kama mtu anayebebwa na maji. Nilipoyasoma hayo nilikumbuka kona ya chini kushoto. Ni mara chache sana maisha kukuwekea hayo matatu pamoja, hasa ukiwa kwenye shida. Gemu ndogo inakuwekea kwenye kiganja.

Kuna jingine lililonigusa zaidi. Mwaka 2009 Emily Holmes na wenzake wa Chuo Kikuu cha Oxford waliwaonyesha watu filamu ya matukio ya kutisha, kisha baada ya nusu saa baadhi yao wakacheza Tetris, gemu ya kugeuza na kupanga maumbo yanayoanguka, kwa dakika 10 na wengine wakakaa tu. Wiki iliyofuata, waliocheza walirudiwa na picha za ile filamu mara chache kuliko wenzao. Miaka kadhaa baadaye walijaribu na watu 71 waliofikishwa kitengo cha dharura baada ya ajali za barabarani, ndani ya saa 6 tangu ajali, na matokeo yakaelekea huko huko. Maelezo yao ni kwamba sehemu ya akili inayoshikilia picha haina nafasi isiyo na ukomo. Ukiijaza maumbo ya kugeuza na kupanga, ile picha ya kutisha inakosa pa kujichora vizuri. Sitoi hapa dawa kwa mtu yeyote. Nasema tu kwamba mdogo wangu, ambaye hakusoma utafiti wowote, alikuwa amelijua jambo hilo kwa kunitazama usoni.

Nilipotoka hospitali nilianza kuwauliza watu. Mlinzi wa usiku aliniambia anacheza kati ya saa 8 na saa 10, kwa sababu hizo ndizo saa usingizi unapomvizia, na akicheza anabaki macho bila kuacha kusikia geti. Mwenzangu kazini alisema alianza baada ya kuacha sigara. Vidole vilikuwa vinatafuta kitu. Mama mmoja mwenye mtoto mchanga alinyonyesha kwa mkono mmoja na kucheza kwa mwingine, akaniambia, "Siku nzima kila ninachofanya kinatenduka. Nikikunja nguo zinachafuka, nikilaza mtoto anaamka. Kule ndani nikivuka levo imevukwa." Nimeirudia sentensi hiyo kichwani mara nyingi kuliko nadharia zote.

Hakuna hata mmoja aliyeniambia aliitafuta gemu. Wote waliikuta. Aliwekewa na mtoto wake, alitumiwa kiungo na shemeji, ilikuwemo tayari simu iliponunuliwa. Hili naliona ni kubwa kuliko linavyoonekana. Anayekwenda kununua mpira anajua anataka kucheza mpira. Wa gemu za simu hakutaka chochote. Simu alinunua ya kuwasiliana, gemu ikawa imekaa humo inamsubiri.

Imekuwa hivyo tangu mwanzo. Simu ya kwanza kubeba gemu inayokumbukwa ni Hagenuk MT-2000 ya mwaka 1994, iliyokuwa na Tetris, gemu ambayo Alexey Pajitnov aliibuni Moscow mwaka 1984 kwenye kompyuta ya kazini kwake. Kisha mwaka 1997 mhandisi wa Finland, Taneli Armanto, akaweka Nyoka kwenye Nokia 6110, na simu zilizofuata zikambeba duniani kote. Mjomba wangu alikuwa na mojawapo ya simu hizo. Hakuwa anatuazima, alikuwa anaisahau mezani, nasi tulikuwa tunajua anapoisahau. Nyoka wa vidoti, kibonye 2 kupanda, 8 kushuka, 4 na 6 kukata kona, na ile hofu tamu anapokuwa mrefu kiasi cha kujifunga mwenyewe. Hata kompyuta za ofisini zilipitia njia hii: karata za Solitaire zilikuja ndani ya Windows 3.0 mwaka 1990, na watu wengi ambao hawajawahi kujiita wachezaji walijifunza kuburuta kwa mausi kwa kuburuta karata. Simu janja ilipoondoa vibonye na kuacha kioo kitupu, kizuizi cha mwisho kikaanguka. Kidole kila mtu anacho, na kila mtu anajua kusukuma.

Wapo pia wanaocheza kwa ajili ya mtu mwingine, na hao nawapenda. Josh Wardle alitengeneza Wordle, gemu ya kubahatisha neno la herufi 5 kwa majaribio 6, kwa ajili ya mwenzi wake aliyependa mafumbo ya maneno. Aliiachia hadharani Oktoba 2021. Tarehe 1 Novemba walikuwa wanacheza watu 90. Miezi miwili baadaye walikuwa 300,000, na kabla Januari haijaisha gazeti la New York Times likainunua. Neno ni moja kwa siku, na ni lile lile kwa wote. Ukimaliza umemaliza, urudi kesho. Rafiki yangu na dada yake wanaishi mbali na kwa miaka kadhaa walikuwa wamepoteza la kuambiana. Simu zao zilikuwa "hamjambo", "hatujambo", kisha kimya. Sasa kila asubuhi wanatumiana vile viboksi vya kijani na njano vinavyoonyesha walivyobahatisha. Siku dada asipotuma kabla ya saa 4, huyu anapiga kujua kama yu mzima. Siku moja alikuwa mgonjwa kweli.

Lakini sitakuwa mkweli nikiishia hapo, kwa sababu mama alipotoka hospitali mimi sikutoka kwenye simu.

2048 niliichoka nilipofika namba yenyewe. Nikapakua nyingine, sitaitaja, ile aina ya kupanga vitu vitatu vya rangi moja vikapasuka. Levo za mwanzo zilipita kama kuteremka mlima. Kisha zikaanza kukaza, na kila niliposhindwa nilishindwa kwa kitu kimoja tu, kipande kimoja, msukumo mmoja. Kuna sababu ya ule "kimoja tu" kuuma. Akili hailipokei jaribio lililokosa kidogo kama kushindwa; inalipokea kama ahadi. Na thawabu zilikuja bila mpangilio: mara tatu hakuna, ya nne vipande vinaporomoka vyenyewe na skrini nzima inawaka. Mwanasaikolojia B. F. Skinner alikwisha kuonyesha katikati ya karne ya 20 kwamba njiwa anayepata punje bila kujua itakuja baada ya kudonoa mara ngapi hudonoa kwa bidii na kwa muda mrefu, hata punje zikikatwa. Watengenezaji wa gemu wanalijua hilo vizuri kuliko wachezaji.

Halafu kuna uhai. Candy Crush Saga, iliyotoka mwaka 2012, ndiyo iliyoueneza mtindo huu: una uhai 5, kila ukishindwa unapoteza mmoja, na mmoja unarudi baada ya dakika 30. Nimefikiria sana kuhusu ile saa inayohesabu. Inaonekana kama inakupumzisha. Kumbe inakuachia jambo halijakwisha, na jambo lisilokwisha halitoki kichwani. Unaosha vyombo huku unajua zimebaki dakika 11. Gemu yangu ilikuwa na saa kama hiyo, na pembeni yake kitufe cha kulipa ili usisubiri. Nililipa. Kiasi kilikuwa kidogo, ndiyo maana nililipa tena, na mwisho wa mwezi nilipojumlisha nilinyamaza muda mrefu.

Hicho sicho kilichoniamsha, ingawa. Mama wakati huo alikuwa anajifunza upya kusema. Maneno yalikuwa yanamgharimu. Alikuwa akilitafuta neno kwa macho kabla ya kulitoa kwa mdomo. Jioni moja nilikuwa nimekaa kando yake, nimebakiza misukumo mitatu. Akaniita. Nilisikia. Nilisema "naam, mama" bila kuinua kichwa. Akaniita tena, na mara ya pili sikujibu kabisa. Nilipomaliza nikamgeukia, nikamuuliza alikuwa anasema nini. Alinitazama, akatikisa kichwa, akasema, "Imepotea." Sentensi aliyoihangaikia ilikuwa imemtoka, na hakuweza kuirudisha. Niliifuta ile gemu pale pale, mbele yake, na bado nikiikumbuka jioni ile nafsi inanisuta.

Shirika la Afya Duniani limeuweka ugonjwa wa gemu kwenye orodha yake ya magonjwa, ICD-11, iliyopitishwa Mei 2019 na kuanza kutumika Januari 2022. Dalili zake ni kushindwa kujizuia, kuitanguliza gemu mbele ya mambo mengine ya maisha, na kuendelea nayo hata inapodhuru, kwa kawaida kwa muda wa miezi 12 au zaidi. Mimi sikufika huko, na watu wengi wanaocheza hawafiki. Ila nadhani kuna eneo pana kabla ya ugonjwa ambalo hatuna jina lake, ambapo hujapotea lakini mama amekuita mara mbili.

Kuna mtengenezaji mmoja ninayemheshimu kwa jambo hili. Dong Nguyen wa Vietnam alitoa Flappy Bird mwaka 2013, ndege mdogo wa kubonyeza ili apite kati ya mabomba. Mapema 2014 gemu ilikuwa juu kwenye maduka ya programu na iliripotiwa kumwingizia dola 50,000 kwa siku kwa matangazo. Tarehe 9 Februari 2014 akaiondoa. Alieleza kwamba aliikusudia mtu aicheze dakika chache akiwa amepumzika, nayo ikageuka kitu cha kuwanasa watu. Sijui ni wangapi wangefunga bomba la pesa namna hiyo. Na Gabriele Cirulli, kijana wa Kiitaliano aliyekuwa na miaka 19, aliitengeneza ile 2048 yangu ya hospitalini kwa wikendi moja Machi 2014 na kuiachia bure, bila uhai wa kununua wala saa ya kusubiri. Ilikuwa bahati yangu kwamba mdogo wangu aliniwekea hiyo. Angeniwekea ile ya pili kwenye kiti kile, katika hali ile, sijui ningekuwaje.

Ndiyo maana sikubaliani na wanaozisema gemu zote kwa pumzi moja, wala wanaozitetea zote. Ninachoangalia siku hizi ni namna gemu inavyoniachia. Nikishindwa, inanyamaza, au inaanza kunibembeleza? Nikiifunga, imefungwa, au itanitumia arifa baada ya saa moja kuniambia inanikumbuka? Ile inayonyamaza naiacha kwenye simu.

Mama aliniuliza mwenyewe kuhusu vigae. Ilikuwa miezi kadhaa baadaye, maneno yakiwa yamerudi mengi, mkono wa kulia ukiwa umeanza kutii kidogo. Nilikuwa nimemsimulia zile usiku za hospitalini, maana yeye hazikumbuki, nikafika kwenye habari ya namba. Akasema, "Nionyeshe." Nikamwonyesha. Akaipokea simu, akailaza pajani, akatelezesha kwa kidole cha mkono wa kushoto. Akacheza kidogo. Kisha akauinua mkono wa kulia kwa kuusaidia na wa kushoto, akauweka juu ya kioo, na kile kidole cha shahada kikabaki kimesimama pale kama kinafikiri. Kikasogea. Vigae vyote vikakimbilia kushoto.

Hakucheka wala kusema kitu. Alirudia.

Siku hizi anacheza kila alasiri, na anachezea mkono wa kulia tu. Ule mwingine anaukalia. Anakwenda polepole, msukumo mmoja kwa muda ambao mimi ningesukuma sita. Nikimuuliza kwa nini anapenda, hasemi mambo ya mtiririko wala ya kupoteza mawazo. Anasema, "Nakiambia kidole kiende, kinakwenda."

Juzi nilimkuta na 1024 moja, 512, 256 na 128 zimejipanga chini, ubao umebakiza nafasi mbili. Nilisimama nyuma ya kiti chake. Niliona anataka kusukuma juu, na mkono wangu ukatoka wenyewe kuelekea kwenye kioo.

Akausogeza pembeni kwa kiwiko. "Niache, mwanangu. Nimeiona."